Somo: Taa za rangi kwenye tangi la samaki, bila shoti na bila kutesa samaki

Wadau, taa za utepe zenye rimoti zimejaa madukani na bei yake haiumizi, ndiyo maana kila mwenye tangi sebuleni anataka buluu. Sina ugomvi na buluu. Ila tuelewane jambo moja: rangi ni ya macho yetu sisi tuliokaa kwenye kochi. Samaki anahitaji mchana unaoeleweka na usiku wa giza. Basi taa nyeupe iwe taa ya kazi, ya rangi iwe pambo la jioni kwa muda mfupi.

Hatua ya 1: Umeme

Hapa nitakaa sana, maana samaki akifa unanunua mwingine.

Nunua taa ya volti 12 au 24 inayotumia adapta, usichukue inayopeleka volti 230 moja kwa moja juu ya maji. Adapta isilazwe juu ya mfuniko wa tangi hata siku moja, ifunge ukutani pembeni. Waya uuache ulegee, ushuke chini kuliko soketi halafu ndipo upande kuingia kwenye plagi. Tone la maji likitambaa na waya litadondokea sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Adapta nyingi za hizi taa zina pini mbili, na wote tunajua kinachofuata: mtu anachokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi iingie. Karibu na maji, acha kabisa mchezo huo. Plagi iliyolazimishwa hushika nusunusu, inapata moto na kutoa cheche. Nunua plagi ya kubadilishia yenye pini tatu na fyuzi ndani. Na kama nyumba haina kile kikata umeme kinachozima umeme unapovuja, ambacho mafundi wanakiita RCD, cha miliampia 30, mwite fundi akufungie. Breka ya kawaida inalinda waya, haikulindi wewe.

Kabla ya kuingiza mkono majini, chomoa vyote: taa, hita na pampu. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Hatua ya 2: Soma namba ya IP

Namba ya IP inakuambia taa inavumilia maji kiasi gani. IP65 inavumilia kurushiwa maji, haivumilii kuzamishwa. IP67 inazama kwa muda mfupi, na IP68 ndiyo ya kukaa majini, kwa kina alichotaja mtengenezaji. Lakini ukikata utepe kwa mkasi ili utoshee, ile sehemu uliyokata iko wazi, hata boksi liseme nini. Unyevu unaingia, shaba inaota kutu ya kijani, na shaba ikifika majini inaua kamba na konokono haraka kuliko samaki. Mimi utepe naubandika nje, juu ya mfuniko wa kioo.

Hatua ya 3: Nyeupe kwanza

Chagua nyeupe ya mwanga wa mchana, karibu kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Anza na saa 6 kwa siku, na hata kama una mimea usizidishe 8. Zaidi ya hapo unalima mwani. Tangi likiwa dirishani linapigwa na jua, punguza tena.

Hatua ya 4: Ratiba

Samaki hana kope za kufumba. Ukiwasha taa ghafla chumba kikiwa giza, anashtuka, anagonga kioo au anaruka nje. Fungua pazia au washa taa ya chumba kwanza, ya tangi ifuate baadaye.

Saa ya kuwashia ile ya kuzungusha kwa mkono ni rahisi, lakini umeme ukikatika nayo inasimama. Baada ya wiki ya mgao utakuta taa inawaka usiku wa manane. Tafuta ya kidijitali yenye betri ndani.

Hatua ya 5: Sasa rangi

Saa 2 usiku hadi saa 4, mwanga umefifishwa, rangi moja iliyotulia. Kile kitufe cha kumulikamulika kama disko sahau kwamba kipo. Saa 4 ikifika zima kila kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanza: Mwalimu, nafuga aina mbili za furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, zinazoitwa nyererei na pundamilia, tangi moja. Taa ya chungwa inawapendezesha sana. Kuna shida?

*Jibu: Ipo, tena umegusa penyewe, kaka. Dume la nyererei, yule aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana wekundu mgongoni, na dume la pundamilia ni wa kibuluubuluu. Majike wanachagua dume kwa rangi hiyo. Watafiti waliowaweka chini ya mwanga wa chungwa mtupu waliona majike hawabagui tena. Ziwani nako, maji yakichafuka mpaka mwanga ukabadilika, aina hizi zinachanganyikana. Kwa hiyo kama unazalisha, washa nyeupe mchana kutwa, na ukiweza watenganishe kabisa.

Morogoro: Samaki wangu wa dhahabu amepauka, lakini nikiwasha taa nyekundu anang'aa. Niiache?

*Jibu:* Taa haijamponya, imekuficha ugonjwa. Chini ya nyekundu au buluu huwezi kuona vidoa vyeupe wala mashavu yaliyovimba. Kila siku wakati wa kulisha mkague kwa taa nyeupe, na huyo wa kwako anza kwa kupima amonia ya maji, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, leo hii.

Mombasa: Kuna taa ya zambarau wanasema inaua vijidudu. Naweza kuiweka juu ya tangi badala ya buluu?

*Jibu:* Hapana, dada, hapana kabisa. Taa ya kuua vijidudu inatoa miali ya UV inayounguza macho na ngozi, yako na ya samaki. Inafungwa ndani ya kasha lake na maji yanapitishwa humo kwa pampu. Ile buluu unayoiona ndani si pambo, usifungue kasha kuitazama ikiwa inawaka.

Dodoma: Nikifunika balbu ya kawaida kwa karatasi ya rangi si nitaokoa hela?

*Jibu:* Balbu ya nyuzi inapata moto wa kuunguza karatasi. Usijaribu.

Tanga: Shikamoo. Mjukuu wangu anaogopa giza, buluu ya tangi ndiyo taa yake ya kulalia. Samaki wanaumia?

*Jibu:* Marahaba. Wanakosa mapumziko, hata mwanga hafifu wa usiku kucha unawavurugia mwili. Mtafutie mjukuu kitaa chake upande wa pili wa chumba, na tangi lifunike kwa khanga, ukiacha nafasi ya hewa nyuma.