Namna ya kuona nyota hafifu za Kilimia, na kazi ya sinapsi za retina gizani

Ukiikazia macho nyota hafifu, inapotea. Ukitazama kando yake, inarudi. Katikati kabisa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pana seli koni tu, zinazodai mwanga mwingi. Seli fimbo, wafanyakazi wa usiku, ziko pembeni.

Kilimia, kundi dogo la nyota, huwa juu jioni za Desemba hadi Februari. Chagua usiku usio na mwezi, uzime simu, ukae gizani dakika 30. Mboni hupanuka mapema. Kinachochelewa ni rodopsini, kemikali ya seli fimbo inayonasa nuru, kujijenga upya. Dakika 10 za mwanzo koni ndizo zinazozoea, kwa hiyo ukiishia hapo umefanya nusu ya kazi. Ukilazimika kumulika, tumia tochi nyekundu iliyofifia, kwa kuwa fimbo haziuhisi sana wekundu.

Sasa elekeza jicho kando ya Kilimia kiasi cha upana wa ngumi, mkono ukiwa umenyooka: ni nyuzi 10 hivi. Kwa darubini ya jicho moja, jicho la kulia litazame kulia kwa nyota, la kushoto litazame kushoto. Ukigeuza upande, nyota inaweza kuangukia doa pofu, sehemu ya retina isiyo na seli za kuona, na hapo hata subira haisaidii.

Wengi hudhani fimbo gizani imenyamaza. La, humwaga mfululizo glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kwa seli inayofuata. Kwenye ncha yake upo utepe wa protini unaoshika vifuko vya glutamati, tayari kumwagwa. Nuru ikigonga, mmwagiko unapungua. Seli bipola, inayopokea ujumbe wa fimbo, hugeuza maana: glutamati huizima, upungufu wake huiwasha. Sinapsi hiyo, yaani kiungo cha fimbo na bipola, ni chujio pia, maana mitikisiko midogo isiyo ya nuru huzuiwa, ile ya fotoni (chembe ya nuru) ikavuka. Kisha bipola moja hukusanya habari za fimbo nyingi. Nuru kidogo inatosha, ila umbo linakuwa na ukungu, na rangi usizitarajie.

Wenzako wakiona nawe huoni kitu baada ya nusu saa, nenda kwa daktari wa macho. Mara nyingine ni upungufu wa vitamini A, ambao hutibika. Mara chache ni kasoro ya kurithi kwenye kipokezi cha glutamati cha bipola: fimbo ni nzima, lakini ujumbe hauvuki, na karoti hazitausaidia.