Kinga (baiskeli) ya umeme ya bei chini kwa bazee ba Bukavu
Papa, mama, kama miaka yako imeshapita 60 na unatafuta kinga ya umeme, usianzie kwa rangi. Kadre ikuwe ya kushuka katikati, usilazimike kunyanyua muguu juu sana, magoti ya uzee haipendi michezo. Kisha batiri: zidisha volti na amperi-saa, volti 36 mara amperi-saa 10 inatoa wati-saa 360, ndiyo nguvu yenye batiri inabeba, lakini milima ya huku inakula ile yote mbio kuliko muuzaji anakuambia, na batiri ikuwe ya kutoka, uichaji ndani ya nyumba siku SNEL, kampuni ya umeme, imerudisha umeme. Fren za disiki, bila mjadala. Inyanyue pia, zingine ziko na kilo 25! Alafu ijaribu kwa mupando wa Kadutu mbele ya kutosha franga.