Syllabus na curriculum usizichanganye

Mwalimu unayeandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, angalia usije ukaweka syllabus pale unapomaanisha curriculum. Curriculum ni mtaala, yaani mpango mzima wa elimu: malengo, masomo, upimaji. Limetoka kwenye Kilatini, kitenzi currere, kukimbia, na ndilo lililomo kwenye CV yako (curriculum vitae). Syllabus ni muhtasari wa somo moja tu, mada zipi na kwa mpangilio gani.

Hili la pili ndilo lenye kituko. Wagiriki waliita sittyba kile kilebo cha ngozi kilichoning'inia kwenye gombo ili ujue ni kitabu gani bila kulikunjua. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, alilitumia neno hilo katika barua zake kwa rafiki yake Atticus. Matoleo ya barua hizo yaliyochapwa karne ya 15 yakalikosea, likatoka syllabus, na dunia nzima ikalibeba hivyo hivyo!

Kwa wingi, syllabuses na syllabi zote sawa, ila ukianza na moja maliza nayo. Curriculum huwa curricula.