Somo: Nyumba ya zamani inauzwa. Uinunue au uiache?

Swali hili limenijia kwa sura nyingi, ila kiini chake ni kimoja. Nyumba ina miaka arobaini, hamsini, pengine zaidi. Bei inavutia, dalali anapiga simu kila asubuhi, na wewe hujui kama unanunua mali au unajitwika mzigo.

Mimi umri wa nyumba haunitishi. Nyumba iliyosimama miaka 60 imeshafanya mitihani ambayo nyumba mpya bado haijaiona. Kinachonitisha ni kasoro iliyo macho. Kila nyumba kuukuu ina kasoro. Nyingine zimelala: zilitokea zamani, zikatulia, hazidai kitu. Nyingine ziko macho, zinaitafuna nyumba usiku na mchana. Ukaguzi wote ni kutenganisha hizo mbili, na kwa kuwa kasoro iliyo macho mara nyingi inalishwa na maji, tutayafuata maji kuanzia juu ya paa.

Beba tochi kali, bisibisi ya bapa, gololi moja, rula, penseli, sumaku, kipande cha foili na selotepu. Vaa nguo usizozionea huruma.

Hatua ya 1: Karatasi

Hapa nitapita haraka, si kwa sababu ni jambo dogo bali kwa sababu halihitaji tochi. Jina lililo kwenye hati ndilo la anayekuuzia? Kama ni mali ya mirathi, warithi wote wamekubali kwa maandishi? Hati imewekwa rehani mahali? Ulizia mwenyewe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, usitegemee nakala aliyokuletea dalali. Mipaka ipimwe upya. Vyumba vilivyoongezwa baadaye, viliongezwa kwa kibali? Kuna mpangaji ndani, na mkataba wake unasemaje? Jibu likiyumba hapa, usipoteze siku nzima kukagua kuta.

Hatua ya 2: Simama mbali

Vuka barabara uitazame nyumba yote kwa pamoja. Mstari wa juu kabisa wa paa umenyooka, au umebonyea katikati? Ukibonyea, huenda kenchi zimeoza, au kuna mtu aliyetoa mabati akapandisha vigae vizito juu ya mbao zilezile zilizopigwa kubeba mabati.

Kisha tazama ardhi inatelemkia wapi. Ikitelemkia nyumba, kila mvua inaupelekea msingi maji. Tazama na miti mikubwa iliyo karibu. Kwenye udongo wa mfinyanzi, mizizi hunyonya maji, udongo unasinyaa na msingi unashuka. Ila usiahidi kuukata mti huo siku ya kwanza: udongo ukirudiwa na maji huvimba, na msingi ukainuliwa.

Hatua ya 3: Juu ya dari

Panda mchana. Ukishafika, zima tochi na usubiri macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga unayoiona kwenye paa ni mahali maji yanapoweza kupita. Kisha washa tochi utafute madoa ya mviringo kwenye mbao. Doa kavu na gumu huenda limelala. Chomeka bisibisi: ikizama bila kulazimishwa, mbao imeoza.

Vitundu vidogo vya wadudu visikutie hofu mara moja. Vyenye kingo zilizofifia na visivyo na unga chini yake ni vya zamani. Ukiona unga mpya wenye rangi ya mbao iliyopigwa randa leo, wenyewe bado wamo. Kwa mchwa, tafuta njia za udongo zinazopanda ukutani. Bomoa kipande cha urefu wa kidole, urudi baada ya siku chache. Kikiwa kimejengwa upya, hao wako kazini. Kisipojengwa, usishangilie bado, maana wanaweza kuwa wamehamia upande mwingine.

Paa likiwa la mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi, yasiyolia kama bati ukiyagonga, fikiria asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa na saruji. Uingereza ilizipiga marufuku aina zake zote kufikia 1999, na nchi nyingi zimefanya hivyo pia. Vumbi lake husababisha maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani. Usikate, usitoboe, usisugue.

Hatua ya 4: Nyufa

Wahenga walituonya kuwa tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Hawakutuonya kuhusu muuzaji aliyeuziba juzi.

Niliwahi kuitwa kukagua chumba kilichopakwa rangi upya, kinanukia kabisa. Kwa macho ya kawaida ukuta ulikuwa safi. Nikalaza tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukapita sambamba na plasta, na hapo ukajitokeza mkanda wenye upana wa vidole viwili, uliovimba kidogo, kutoka pembe ya dirisha hadi darini. Huo ulikuwa ufa ulioshindiliwa na kupakwa rangi. Na katikati ya mkanda huo kulikuwa na ufa mpya mwembamba kama uzi. Rangi haijakauka vizuri, nyumba imeshapasuka tena. Ufa wa namna hiyo uko macho, na mnunuzi aliondoka.

Nyufa nyembamba zisizofika milimita 1, zilizotapakaa kwenye plasta kama utando wa buibui, ziache. Zinazoanza kwenye pembe za milango na madirisha na kwenda mshazari, zipime. Zinazopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, zipime kwa makini, halafu utoke nje uone kama zinaonekana upande wa pili. Hadi milimita 5 mara nyingi ni kazi ya fundi. Kati ya 5 na 15, muite mhandisi. Zaidi ya hapo mimi huihesabu bei ya kiwanja peke yake. Umbo nalo linasema: ufa mpana juu na mwembamba chini mara nyingi unaonyesha kuwa kona ya nyumba inazama na kuinamia nje.

Gololi iweke sakafuni. Ikibiringika, usikimbie, nenda ukatazame milango. Mlango uliochongwa upande mmoja kwa juu unakuambia nyumba ilisogea zamani na watu wakaizoea. Mlango uliochongwa na bado unakwama unakuambia nyumba inaendelea kusogea.

Kama kuna zege, hasa chini ya baraza za ghorofani, gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya uwazi, au zege linalobanduka likiacha kutu, maana yake nondo zinaoza ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulisukuma zege na kulipasua. Kulipiga plasta juu ni kulivika nguo jipu.

Hatua ya 5: Unyevu

Maji huingia ukutani kwa njia tatu. Ya chini hupanda kutoka ardhini, mara nyingi hayazidi mita 1 hivi, na huacha mstari wa chumvi nyeupe. Ya juu hushuka kutoka paani au kwenye gata, na doa lake huanzia darini. Ya hewani ni ya pumzi zetu, mvuke wa jikoni na bafuni. Hayo huleta ukungu mweusi kwenye pembe zisizopata hewa.

Ukishindwa kutofautisha, bandika foili ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni ya hewani, na dirisha likifunguliwa kila siku tatizo hupungua sana. Yakiwa nyuma ya foili, ukuta wenyewe umelowa.

Kuta za zamani sana zilijengwa kwa chokaa. Saruji ya Portland, ndiyo saruji ya kawaida ya leo, ilipewa hataza (haki ya uvumbuzi) Uingereza mwaka 1824, lakini chokaa kiliendelea kutumika muda mrefu baada ya hapo. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hunasa ndani, plasta ikavimba na kuanguka vipande. Ukisikia "tuliipiga saruji imara kabisa" kwenye nyumba ya namna hiyo, gonga kuta zote.

Mimi mwenyewe niliumia hapa. Muuzaji aliniachia kabati kubwa la chumbani, akaliita zawadi. Mwezi wa pili nikalisogeza ili nipige rangi. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, na plasta ikabaki mkononi mwangu. Chanzo kilikuwa gata lililopasuka nje, kitu cha kubadilisha kwa asubuhi moja, lakini lilikuwa limevujia mbao ya juu ya dirisha kwa miaka hadi ikawa kama sifongo. Tangu siku hiyo nasogeza kila kabati na kufunua kila kapeti, muuzaji anune au asinune.

Hatua ya 6: Mabomba na nyaya

Fungua koki zote kwa pamoja. Maji yakififia, huenda mabomba ya chuma yameziba kwa kutu ndani. Bomba la rangi ya kijivu lililo laini, likwaruze kwa sarafu: likingʼaa kama fedha na sumaku isishike, hiyo ni risasi, metali yenye sumu, na lazima litolewe. Nyaya zilizofunikwa kwa kitambaa, au raba inayomeguka, na soketi zisizo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), hazina mjadala. Andika "umeme wote upya", uweke kwenye hesabu.

Hatua ya 7: Hesabu

Chukua bei ya nyumba kama hiyo iliyo nzima, katika eneo hilohilo. Toa gharama za kasoro zilizo macho, kwa makadirio ya maandishi ya mafundi wawili wasiojuana. Kisha toa tena robo ya gharama hizo kwa ajili ya yale utakayoyakuta ukishabandua plasta, maana utayakuta. Kinachobaki ndicho kiwango chako cha mwisho. Kasoro zilizolala, kwa haki, usizitoe kwenye hesabu hii, ingawa kwenye mazungumzo unaruhusiwa kuzitaja.

Ziko tatu ambazo hazina hesabu: kiwanja kinachofurika, mteremko unaosogea, na hati yenye mgogoro. Hizo unaziacha.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Muuzaji anasema hakuna ngazi ya kupanda darini, tena kule juu hakuna cha kuona.

Jibu: Marahaba. Nenda na ngazi yako. Akikataa hata hapo, hesabu kama paa lote ni la kubadilisha, umwambie wazi kwamba ndiyo sababu ya bei yako. Mara nyingi ngazi hupatikana.

Swali: Mwalimu, nyumba niliyoiona ina ufa wa milimita 8 sebuleni. Mwenyewe anasema aliukuta miaka 20 iliyopita. Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Mulika ndani ya ufa. Ufa mpya ni safi, rangi ya tofali imeiva. Ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, na mara nyingi rangi iliyopenya ndani wakati wa kupaka. Mwombe pia picha za zamani za familia zilizopigwa sebuleni. Na kwa milimita 8, mhandisi bado anahitajika.

Swali: Ni mimi tena. Nimemulika. Ndani kuna rangi ya kijani, wakati ukuta sasa ni wa krimu.

Jibu: Vizuri, basi ulikuwepo enzi za kijani. Sasa tazama rangi hiyo ya kijani kule ndani kabisa, pale pande mbili zinapokutana. Ikiwa imeziba bila mpasuko, ufa umelala. Ikiwa yenyewe imechanika, umeendelea kufunguka baada ya kupakwa. Mpe mhandisi habari hiyo, itampunguzia kazi.

Swali: Kaka, mimi ni fundi mwashi, na hapa nakupinga kidogo. Nimeona nyumba nyingi zilizoharibiwa na wenyewe kuliko na maji. Mtu anabomoa ukuta apate sebule kubwa, kumbe ukuta ule ndio ulikuwa umebeba ghorofa.

Jibu: Nakubali, fundi, nililisahau. Wasomaji, mkiingia kwenye sebule kubwa isiyolingana na vyumba vingine, tafuteni alama ya ukuta wa zamani sakafuni na darini, kisha muulize ni boriti gani iliyowekwa badala yake. Jibu likiwa "hakukuwa na haja", mleteni mtu kama huyu ndugu kabla ya kulipa chochote.

Swali: Paa zima ni la asbesto lakini halijavunjika popote. Niache?

Jibu: Si lazima. Likiwa zima na haliguswi, hatari yake ni ndogo. Ila kulitoa ni kazi ya watu waliofunzwa, na gharama yake iweke kwenye hesabu leo, hata kama utalitoa baada ya miaka kumi. Na usitundike tangi wala sahani ya setilaiti juu yake, kwa sababu itabidi utoboe.

Swali: Mwalimu, umesema tufuate maji, lakini sasa ni kiangazi na muuzaji ana haraka. Siwezi kungoja mvua.

Jibu: Mwaga ndoo kadhaa kwenye gata uone zinaelekea wapi. Kagua sehemu ya chini ya kuta za nje kama kuna tope lililorukia na kukauka. Tazama ukuta wa uzio, maana hakuna anayekumbuka kuupaka rangi, na mstari wa mafuriko hubaki pale. Kisha nenda kwa jirani. Usiende kwa wa upande wa juu, yeye maji humpita. Nenda kwa yule wa chini yako, umuulize tu mvua kubwa ya mwisho ilimfikiaje.