Somo: Juisi ya Limau ya Nyumbani na Namna ya Kuichanganya na Matunda Mengine

Harufu ya limau imo zaidi katika mafuta ya ganda lake la nje kuliko katika maji yake, na ndiyo maana juisi ya limau, maji na sukari peke yake huwa kali mdomoni lakini hainukii. Somo hili linaonyesha jinsi ya kulitumia ganda hilo.

Mahitaji ni malimau 6 ya wastani, sukari kikombe 1 (gramu 200), na maji safi ya kunywa lita 1 na robo.

Hatua ya 1. Osha malimau kwa kuyasugua vizuri, kisha menya matatu kwa kisu kikali, ukichukua ganda la nje tu na kuiacha sehemu nyeupe, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye uchungu.

Hatua ya 2. Weka maganda na sukari kwenye bakuli, yaponde kwa mwiko, kisha funika kwa nusu saa au zaidi mpaka sukari ilowe na kunukia. Nawasihi msiiruke hatua hii, hata mkiwa na haraka.

Hatua ya 3. Chemsha robo lita ya maji, mimina juu ya sukari, koroga mpaka iyeyuke, chuja, na uache shira ipoe kabisa.

Hatua ya 4. Kamua malimau yote, chuja kokwa, kisha changanya maji yake na shira pamoja na lita 1 ya maji baridi. Maji ya limau yasichemshwe, kwa sababu moto hupoteza harufu na kupunguza vitamini C. Tumia jagi la kioo, wala si sufuria ya alumini, ambayo huliwa na asidi.

Ukitaka pasheni, toa nyama ya matunda 5 na uisugue juu ya chujio kwa kijiko. Ukitumia blenda, izungushe kwa sekunde chache tu, maana kokwa zikisagika huacha uchungu na chembe nyeusi. Tangawizi haiogopi moto, hivyo iponde na kuichemsha pamoja na maji ya shira. Embe lililoiva lina sukari yake, basi punguza sukari kwa robo, na ukisaga tikiti maji punguza maji, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya tunda hilo ni maji.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwa nini juisi yangu huwa chungu siku ya pili, ingawa ilikuwa tamu nilipoitengeneza?
Jibu: Uchungu wa limau huendelea kujitokeza baada ya kukamuliwa, hasa kokwa na nyuzi nyeupe zikibaki ndani. Chuja mara moja, weka kwenye friji, na uimalize ndani ya siku 2 au 3.

Swali: Je, asali inaweza kuchukua nafasi ya sukari?
Jibu: Inaweza, ila iyeyushe katika maji ya vuguvugu. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe juisi yenye asali kabisa.

Swali: Huku kwetu ndimu hupatikana kwa urahisi kuliko malimau. Nifanyeje?
Jibu: Tumia ndimu 10 hadi 12 kufuatana na ukubwa wake, na maganda ya 2 tu, kwa sababu ganda la ndimu ni jembamba na ni rahisi kuingiza sehemu nyeupe unapomenya.