Punguza barua taka kwenye fomu ya gesti yako bila kumpoteza mgeni

Masika yakiisha na kusi likianza kuvuma, simu yangu haitulii. Wenye gesti za Paje, Jambiani na Nungwi wanafungua barua pepe zilizotumwa kupitia fomu ya mawasiliano ya tovuti zao wakitafuta wageni wa Julai, wanakutana na kamari, dawa za nguvu na watu wanaoahidi kuwafikisha ukurasa wa kwanza wa Google.

Bi mmoja wa Jambiani, mwenye vyumba vinne, aliniambia: "Mwanangu, nimechoka kuchagua. Siku hizi nafuta zote." Katika zile alizofuta ilikuwamo familia iliyotaka vyumba vyote vinne kwa wiki nzima. Alijua walipomwandikia WhatsApp kumuuliza mbona kimya. Tangu siku ile kila kizuizi ninachoweka nakipima kwa swali moja: je, kinaweza kumzuia mgeni wa kweli? Mpangilio wa hatua zifuatazo umetokana na swali hilo.

Hatua ya 1: Tega dema

Barua nyingi za taka zinatumwa na roboti. Roboti haitazami picha za ufukwe wako. Inasoma msimbo wa ukurasa, inatafuta fomu, inajaza kila kisanduku inachokiona na kutuma. Kwa hiyo tunaiwekea kisanduku ambacho binadamu hakioni. Kama dema la mvuvi, mlango uko wazi, na anayeingia amejitambulisha mwenyewe.

```
<div style="position:absolute; left:-9999px" aria-hidden="true">
  <label>Usijaze hapa</label>
  <input type="text" name="tovuti_yako" tabindex="-1" autocomplete="off">
</div>
```

Kisanduku kikifika kwenye seva (kompyuta inayoendesha tovuti yako) kimejazwa, barua hiyo ni ya kutiliwa shaka. Nimekisukuma nje ya kioo badala ya kukificha kwa `display:none`, kwa sababu baadhi ya roboti zinaitambua mbinu hiyo. `tabindex` inamzuia anayetumia kibodi asikiangukie, na `aria-hidden` inakiondoa kwenye programu zinazowasomea wasioona.

Tahadhari moja: usikipe kisanduku hiki jina kama `email` au `phone`. Kivinjari cha mgeni kinaweza kukijaza chenyewe kwa taarifa kilizozihifadhi, na mgeni wako akanaswa bila kujua. Ukitumia WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, programu-jalizi nyingi za fomu (vipande vya kuongezea kazi) zina dema tayari. Tafuta kwenye mipangilio uliwashe.

Hatua ya 2: Pima muda

Binadamu hawezi kuandika jina, tarehe na ujumbe kwa sekunde mbili. Weka kwenye fomu muda ukurasa ulipofunguliwa, seva ilinganishe na muda wa kutuma. Chini ya sekunde 3, tilia shaka. Ila usiweke kikomo cha juu kilicho kifupi. Mtu anaweza kufungua ukurasa akiwa Wete, mtandao ukakatika, akatuma baada ya saa nzima. Tena kama tovuti yako inahifadhi nakala za kurasa ili ifunguke haraka, muda ulioandikwa ndani yake unaweza kuwa wa jana.

Hatua ya 3: Ukaguzi wote ufanyike kwenye seva

Roboti nyingi hazifungui ukurasa kabisa, zinatuma moja kwa moja kwenye anwani ya fomu. Ukaguzi unaofanywa na kivinjari peke yake hazikutani nao.

Hatua ya 4: Chuja maneno kwa uangalifu mkubwa

Hapa ndipo nimeona watu wakijiharibia biashara. Anza na viungo: mgeni anayeuliza bei ya chumba ni nadra kuweka viungo vitatu katika ujumbe wake. Ukiishia hapo tu, umeshapunguza mengi.

Orodha ya maneno ni hatari zaidi. Orodha ya maneno yaliyokatazwa ya WordPress, ambayo programu-jalizi ya fomu iitwayo Contact Form 7 nayo huitumia, inatafuta hata ndani ya neno. Ukizuia dawa ya Cialis, umemzuia pia kila anayeandika "specialist". Ukizuia "massage", umemzuia mgeni anayeuliza kama mnayo huduma hiyo, na wengi wanauliza.

Wapo mafundi wanaozuia herufi za Kirusi au nchi nzima nzima. Kwa duka linalouzia watu wa Mwanakwerekwe pekee, pengine inafaa. Kwa gesti ya Unguja, siikubali hata kidogo. Wageni wetu wanatoka Italia, Poland, Urusi, Ujerumani. Barua usiyoweza kuisoma huenda ndiyo inayolipa kodi ya mwezi.

Hatua ya 5: Fumbo liwe la mwisho

Usianze na fumbo la kumtaka mtu achague picha za mataa ya barabarani ili athibitishe si roboti. Zinamchosha mtu aliyeshika simu. Ikiwa hatua za juu hazikutosha, tumia Turnstile ya kampuni ya Cloudflare, huduma ya kumtofautisha mtu na roboti iliyotoka 2022. Mara nyingi haimtaki mgeni afanye lolote. reCAPTCHA ya Google ya toleo la 3 nayo haimpi mtu fumbo, inatoa alama kati ya 0 (roboti) na 1 (mtu), na kikomo cha kuanzia ni 0.5. Zote mbili zina funguo mbili: wa wazi unakaa kwenye ukurasa, wa siri unabaki kwenye seva. Usimtumie mtu ule wa siri kwa WhatsApp.

Hatua ya 6: Rekebisha barua zinazotoka

Kama fomu yako inamjibu mtu papo hapo, usirudishe ndani yake maneno aliyoyaandika. Mtumaji taka anajaza anwani ya mtu mwingine, na tovuti yako inampelekea mtu huyo tangazo la kamari kwa jina lako.

Halafu angalia sehemu ya mtumaji. Isiwe anwani ya mgeni. Iwe anwani ya kikoa chako mwenyewe (jina la tovuti yako), na ya mgeni uiweke kwenye `Reply-To`, sehemu ya anwani ya kujibiwa. La sivyo Gmail inaona seva yako inajifanya mtu mwingine, na barua ya mgeni wa kweli inatupwa kwenye taka.

Hatua ya 7: Usifute, tenga

Kila iliyotiliwa shaka iende kwenye folda yake na ikae siku 30. Bi wa Jambiani anaipitia kila Alhamisi baada ya alasiri, dakika tano tu. Humo ndimo utakamowaona pia wauzaji wanaoandika kwa mkono wao. Hao dema haliwanasi.

Ukimaliza, jaribu fomu kwa simu yako kwa kutumia data, si Wi-Fi ya gesti. Kisha muombe ndugu aliye Muscat au Uingereza aandike kama mgeni, kwa lugha yoyote. Barua yake isipofika, rudi hatua ya 4 kwanza.