Kuzungushia Ploti Yako Ua Nairobi Ukiwa Ng'ambo

Ukishanunua ploti Ruai au Utawala na hati ikatoka, swali utakaloulizwa na jamaa wa nyumbani ni moja: "Umeshazungusha?" Hawaulizi bure. Ploti iliyo wazi Nairobi huanza kuwa njia ya mkato, ikawa malisho ya mbuzi, baadaye mtu akapanda sukuma wiki pembeni, na siku moja unatumiwa picha ya kibanda cha mabati kimesimama katikati. Si ajabu kuta nyingi za jiji hili zimepakwa maandishi makubwa mekundu: PLOTI HII HAIUZWI.

Shida ni kwamba walio ng'ambo wengi huanza kwa kutafuta fundi. Fundi huyo, hata awe hodari vipi, atajenga pale atakapoonyeshwa, na anayemwonyesha mara nyingi ni wakala aliyekuuzia au binamu aliyefika hapo siku ya kununua tu. Mtu wa kwanza kumlipa ni savea, yaani mpima ardhi, tena mwenye leseni. Kabla yake, fanya sachi ya hati upya, yaani hakikisha kwenye rejista ardhi ni ya nani, hata kama uliifanya wakati wa kununua. Ardhi za Nairobi ndizo zilizotangulia kuingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali wa mtandaoni, ulipozinduliwa Aprili 2021, kwa hiyo hatua hiyo unaweza kuianza ukiwa kwenye kochi lako Leeds. Savea naye atachukua ramani ya eneo kutoka idara ya upimaji kule Ruaraka, kisha aende uwanjani kuzitafuta bikoni, yaani alama za mpaka.

Bikoni halisi aghalabu ni kipande cha chuma kilichosimikwa kwenye zege, na mara nyingi kimefunikwa na udongo wa miaka. Sasa sikiliza mazungumzo ya kawaida ya simu ya video. Kijana anaelekeza kamera chini na kusema, "Bosi, bikoni ndiyo hii." Unaona jiwe lililopakwa chokaa. Mwambie achimbue kando yake kwa jembe, taratibu. Kama hakuna chuma, hilo ni jiwe la mtu fulani tu, na mtu huyo huenda ni jirani. Savea akimaliza, akupe ripoti iliyotiwa sahihi pamoja na vipimo vya kila upande. Omba pia video moja isiyokatwa, mtu akitembea kutoka bikoni hadi bikoni mpaka arudi alipoanzia.

Vipimo hivyo vilinganishe na hati. Ploti ya "hamsini kwa mia" inauzwa kila siku kwa jina la robo ya nusu eka, lakini hesabu haikubali. Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000, yaani mita za mraba 465 hivi, ilhali thumni ya eka, ndiyo hiyo robo ya nusu, ni futi za mraba 5,445, karibu mita 506. Hati inaandika kwa hekta, kwa hiyo ukiona kitu kama 0.0465 usidhani umeibiwa. Ulinunua hamsini kwa mia. Ukiona 0.040, hapo pigia wakili simu kabla hujanunua hata jiwe moja.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye ardhi atunze alama za mpaka wake, na kuzing'oa au kuziharibu ni kosa la jinai. Mzozo wa mpaka nao hauanzii mahakamani. Unaanzia kwa msajili wa ardhi, ambaye huja na savea wa serikali mkasimama hapo wote. Ukiwa mbali, utahitaji mtu mwenye hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Hati hiyo unaweza kuitia sahihi huko uliko mbele ya mthibitishaji rasmi au kwenye ubalozi. Itengeneze mapema, na iseme wazi mambo anayoruhusiwa kufanya. Kumpa mtu mamlaka ya kusimama kwenye mzozo wa mpaka ni jambo moja, kumpa mamlaka ya kuuza ni jambo jingine kabisa, na usikubali waraka unaochanganya yote mawili "ili kurahisisha".

Kuna pia suala la miaka 12. Kwa sheria za Kenya, mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi na bila idhini kwa miaka 12 mfululizo anaweza kuomba mahakama imtambue kuwa mwenyewe. Kwa hiyo fundi akikushauri uvute ukuta ndani mita moja "ili kuepuka ugomvi na jirani", jua kwamba mita hiyo inaweza kuja kukupotea. Jenga kwenye mstari wako. Ila kumbuka msingi ni mpana kuliko ukuta: ukuta wa sentimita 20 ukikaa katikati ya msingi wa sentimita 60, msingi unatokeza sentimita 20 kila upande. Ukiuweka ukuta juu ya mstari wenyewe, msingi utakuwa umeingia kwa jirani. Sogeza ukuta ndani kwa hizo sentimita 20 tu, na bikoni ziachwe zikionekana, zisifunikwe kwa zege la nguzo ya kona.

Kabla kamba haijavutwa, mtu wako apige hodi kwa majirani wote. Si adabu tu. Jirani aliyeona kamba siku ya kwanza akakubali ni vigumu arudi kulalamika ukuta umefika kifuani. Baadhi yao hata hukubali kuchangia upande mnaopakana, na makubaliano ya namna hiyo yaandikwe, hata kama jirani ni mtu wa nyumbani kabisa. Mzee wa mtaa na chifu wajulishwe pia. Ukuta wa mawe unahitaji kibali cha kaunti, na mitaa mingine yenye vyama vya wakazi ina masharti yake kuhusu urefu na hata aina ya ua. Kando ya barabara kubwa, chini ya nyaya za umeme mkubwa au ukingoni mwa mto, uliza savea hifadhi, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, inaishia wapi. Hifadhi ya mto kwa kanuni za maji huanzia mita 6 na inaweza kufika 30, na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali ilibomoa majengo mengi kando ya mito ya Nairobi. Ukuta ukipigwa alama nyekundu ya X ya kubomolewa, hakuna anayekurudishia saruji yako.

Haya, udongo. Hapa ndipo pesa za wanadiaspora zinapozama kwa maana halisi. Runda, Kitisuru na sehemu za juu magharibi mwa jiji zina udongo mwekundu unaoshika vizuri. Embakasi, Utawala, Ruai na kuelekea huko chini ni udongo mweusi wa pamba. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka mipasuko ambayo mkono unaingia. Ukuta uliojengwa juu yake kwa msingi wa futi moja na nusu utakuwa na ufa unaopanda kama ngazi kufikia mvua za pili. Udongo huo lazima uchimbwe mpaka mfike kwenye murramu (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba. Pengine ni futi 3, pengine 5. Shimo la majaribio litakuambia, na kulichimba ni kazi ya asubuhi moja ya kibarua mmoja. Juu ya msingi uwekwe mkanda wa zege wenye nondo, nguzo za zege kila mita 3, na mwanya wa kutanukia kila mita 10 hivi ili ukuta ujongee bila kupasuka. Kila baada ya safu mbili za mawe ulazwe ule utepe mwembamba wa chuma. Fundi akikuambia utepe si lazima, basi hata yeye si lazima.

Maji nayo yapewe njia. Ploti ikiwa kwenye mteremko, ukuta usio na matundu chini unageuka bwawa, na mvua za Machi hadi Mei zikija kwa hasira, bwawa linavunjika. Vipande vya bomba la inchi 4 vilazwe safu ya kwanza juu ya ardhi, kila mita 2 au 3.

Lakini je, unahitaji ukuta kweli? Kama huna mpango wa kujenga nyumba ndani ya miaka miwili, kwa maoni yangu usijenge ukuta wa mawe. Nguzo za zege na chenilinki (wavu wa waya) zinatosha kuonyesha mpaka, na lori la mawe ya nyumba litakuja kutaka mlango mpana ambao ukuta wako hautakuwa nao. Wengine huzungusha mabati kwa nguzo za mbao, kisha mabati hayohayo wakayatumia kwenye ujenzi. Ni akili nzuri mradi kuna mlinzi. Kayaba, mti wa miiba unaopandwa kama ua, ni rahisi kuliko vyote, na ua wa kayaba uliokomaa hata paka hupita kwa kufikiria, ila unataka miaka mitatu au zaidi, kupandwa mvua zinapoanza kwa nafasi ya futi moja, na mtu wa kuupogoa. Bila mtu huyo, mbuzi watakumalizia miche.

Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe, na ukishaifanya ni vigumu kupunjwa. Mzunguko wa hamsini kwa mia ni futi 300, mita 91 na ushee. Toa geti la futi 12, zinabaki 288, kama mita 88. Chenilinki zinazouzwa kwa roli za mita 18, ni roli 5. Nguzo zikikaa futi 10 kwa 10, ni 30 hivi za kusimama, pamoja na za kuegemeza: mbili kila kona na moja kila upande wa geti, jumla 10. Nguzo ya futi 8 inaingia ardhini futi 2, hivyo unabaki na futi 6 juu. Ukitaka mistari mitatu ya seng'enge juu yake, agiza nguzo ndefu zaidi zenye shingo iliyopinda. Na uliza geji ya waya, yaani namba ya unene wake, maana namba ikipanda waya unapungua unene. Geji 16 ikiuzwa kwa bei ya 12.5, umepigwa.

Kwa ukuta, mawe ya mashine ya machimbo ya Ndarugu huuzwa kwa futi za urefu. Safu moja ya mawe ya inchi 9 ni futi 288. Safu 8 zinakupa futi 6 juu ya ardhi, na tuseme 2 zaidi zimezama kwenye msingi, jumla futi 2,880. Ongeza ya kuvunjika, tuseme 3,000. Makadirio yakija na futi 4,000, mwulize fundi kwa upole zile 1,000 zinajenga nini. Huenda ana jibu zuri, kwa mfano msingi wenye kina kirefu. Weka pia kando pesa ya kushusha mawe, kwani vijana wa mtaa hudai kazi hiyo ni yao lori likifika, na si vizuri mtu wako akaanza kubishana nao hapo barabarani.

Kulipa: hadiwea, yaani duka la vifaa vya ujenzi, ilipwe moja kwa moja kwa namba yake ya malipo ya simu (Till), wala pesa isipitie mfuko wa mtu. Anayepokea mzigo asiwe yule anayeuagiza. Fundi alipwe kwa hatua, na kila hatua ifungwe na picha ya kile kitakachofunikwa: mtaro ukiwa na futi kamba ndani yake kabla ya zege, nondo zikiwa zimefungwa kabla ya zege kumwagwa. Picha ya ukuta uliokamilika ni ya kuwaonyesha marafiki. Mafundi huanza saa mbili asubuhi. Aliye Doha yuko saa hiyohiyo, aliye Dallas atakuwa saa sita usiku wakati wa kiangazi na saa tano majira ya baridi. Kwa hiyo kubaliana na msimamizi siku za kupiga simu, nazo ziwe siku za msingi na zege, maana siku ya kupanga mawe unaweza kulala.

Ua ukishasimama, mtu aukague mara mbili kwa mwaka, Juni na Januari, baada ya mvua. Ufa wa ngazi unaofuata viungo vya mawe maana yake msingi umesogea, na kuuziba kwa saruji ni kupaka poda. Chimbeni chini mwone. Ufa mwembamba wa plasta pekee hauna neno. Chenilinki huanza kuachia chini, mahali pa kupitisha mbwa na, baadaye, mtu. Fungeni mstari wa waya chini na kumwagia zege nyembamba. Geti la chuma na waya zina soko kwenye vyuma chakavu, biashara ambayo serikali iliisimamisha Januari 2022 baada ya hujuma kwenye minara ya umeme, kisha ikairuhusu tena miezi michache baadaye. Bawaba zichomelewe kutoka ndani, geti lisiweze kunyanyuliwa. Ukiweka waya wa umeme juu ya ukuta, betri yake ipimwe kila ukaguzi, maana stima ikipotea usiku waya huo ni wa kuanikia nguo, na vibao vya tahadhari viwe kila upande, kwa Kiswahili, vya rangi inayoonekana na mtoto anayefuata mpira.